Simu ya Dirishani kwa Mama Mkwe

Kwetu mwanamume hasemi na mama wa mke wake. Haketi naye barza moja, hali naye, hamtazami usoni, na jina lake halitoki kinywani hata akiweweseka kwa malaria. Mama naye vivyo hivyo kwa mkwe wake. Ndiyo bukwe. Nimeoa miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na minane ya kwanza sauti ya mama mkwe wangu niliisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani: najua ipo, nasikia inachosema, lakini haisemi na mimi.

Wapo wengi hapa Kalemie, kando ya ziwa, walioacha mambo hayo. Wanakula sahani moja na wakwe zao, wanapiga nao picha, wanawakumbatia mbele ya kanisa Jumapili. Nikiwaona nageuza macho. Mama mkwe wangu hakuacha hata chembe, na kwa kuwa yeye hakuacha, mimi pia sikuacha.

Lakini bukwe si ukatili. Kukiwa na jambo la lazima na hakuna mtu wa katikati, kuna njia: unasema na kitu, na mwenye masikio anasikia. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nilikwenda kumchukua mke wangu kwao, mvua imeshafunga ziwani. Nikapiga hodi nje ya lupango, ua wa nyumba yao. Hakuna aliyetoka. Kisha nikasikia sauti kutoka jikoni.

"Weye mafiga, ambia ule mwenye kusimama inje: bibi yake alienda ku soko. Akimbie mvua."

Nilikuwa kijana, na damu yangu huchemka haraka hata leo. Nilirudi nyumbani nimelowa na nimekasirika. Mimi, mtu mwenye diploma, nimepewa habari na mawe ya kupikia! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Iyo siku alikupenda, Papa," aliniambia. "Muntu asiyemupenda, hata mafiga hayaambie kitu."

Kazi yangu ni kuchanja ng'ombe. Mara mbili au tatu kwa mwaka napanda Pepa: boti mpaka Moba, kisha lori la kupitia Kirungu, kisha baridi ya milima ya Marungu inayoingia mpaka kwenye meno. Nakaa huko majuma matatu, wakati mwingine manne. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni Moba, kwa hiyo nikiondoka nyumba inabaki tupu, na mke wangu anahamia kwa mama yake. Huko anahitajika. Miguu ya mama mkwe ilivimba ikakataa kutembea, na macho yake yameingia ukungu. Anaona mtu kama kivuli.

Siku moja mke wangu alikwenda sokoni kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mama yake alitaka kunyoosha mkono kuchukua kikombe, akaanguka kutoka kitini, akalala sakafuni mpaka mchana. Hakuna aliyesikia. Mke wangu akanisimulia. Tukaamua bibi huyu apate simu.

Ya mkononi tulijaribu. Ya kwanza ilizama kwenye ndoo ya mihogo. Ya pili aliishika kichwa chini miguu juu, akasema na mgongo wake, halafu akaikabidhi kwa binti yake: "Hii simu ni ya benye miguu. Inatembea. Mimi sitembei tena, nipateko kitu ya kukaa pamoja na mimi."

Nikaipata kwenye duka moja karibu na bandari. Ilikuwa simu ya mezani kweli, nzito, na mkono wake wa kusikilizia na kamba yake ya kujikunja, na vitufe vikubwa kama vifungo vya koti. Ila haikuwa na waya wa kwenda kwenye nguzo. Unaitia karte SIM kama simu ya mkononi, unasimamisha antena yake fupi kwa nyuma, unaichomeka kwenye umeme. Umeme ukikatika, na kwetu umeme hukatika, kuna betri tumboni mwake. Muuzaji alisema inaitwa fiksi, imevuka kutoka Kigoma. Niliipenda palepale. Mimi ni mtu wa kupenda vyombo, na mke wangu hunicheka kwa hilo.

Nyumbani kwangu niliijaribu. Nikasoma kijitabu chake chote. Nikaondoa namba ya siri ya karte ili isimsumbue bibi, nikapandisha mlio mpaka mwisho. Vijiti vya rezo, yaani mtandao, vilisimama vinne. Nikajisifu.

Tatizo lilikuwa kuifunga kwa mama mkwe, maana nyumba ile sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Mambo yalipangwa kama ya harusi. Mke wangu alipeleka maneno na kuyarudisha. Mama mkwe alikubali kubebwa na kiti chake mpaka kwa mama jirani, akae huko mpaka nimalize. Mimi nikaleta kikwembe kipya, kitenge cha kujifunga, na kuku, kuomba radhi kwa ajili ya miguu yangu. Mkono mtupu haulambwi.

Basi nikaingia. Nikaiweka fiksi kwenye meza ya sebule, nikaichomeka, nikatazama. Hakuna hata kijiti kimoja. Nikashtuka, maana nilikuwa nimeshamwambia kila mtu ni kazi ya dakika tano. Nikaipeleka dirishani, hakuna. Jikoni, hakuna. Barzani, hakuna. Nikatoka nayo uani nimeikumbatia kwapani, betri inafanya kazi, antena inanichoma shavu, nikazunguka mpapai mara mbili. Bamama wa jirani waliegemea uzio.

"Papa, inatafuta titi?" mmoja aliuliza.

Mke wangu akaninyang'anya, akaingia nayo ndani. Nikamsikia anafungua mlango, halafu akapiga kelele: "Ine! Papa, vijiti ine!"

"Wapi?"

"Huku. Ku chumba ya Mama. Pa dirisha ya ziwa."

Nilipigwa na butwaa. Msomaji asiye wa kwetu atanisamehe, sijui nimweleze vipi. Kitanda cha mama mkwe! Mwanamume anaweza kuona simba uso kwa uso na akaishi kusimulia, lakini kitanda cha mama wa mke wake hakioni. Nilisimama nje ya pazia, bisibisi mkononi, jasho linatoka. Nikamwambia afunge yeye mwenyewe. Akaniambia waya wa umeme haufiki, lazima uvutwe kutoka sebuleni, na yeye si fundi. Nikamwambia tuiache. Akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo naiogopa kuliko kelele: "Mama alilala chini mpaka muchana."

Alikifunika kitanda kwa mkeka na vikwembe viwili. Nikaingia kinyumenyume. Nikapiga ubao chini ya dirisha nikiutazama ukuta, nikavuta waya nikiutazama ukuta, nikaiweka fiksi juu ya ubao nikiutazama ukuta. Macho hayana adabu. Niliona viatu vya plastiki vimepangwa vizuri chini ya kitanda, na kikombe cha chuma juu ya kigoda. Kwa siku nyingi viatu vile vilinijia nikiwa nakula, nami nikaona aibu mbele ya bukari yangu, ugali wa kwetu.

Fiksi ile ina vitufe vya kuhifadhi namba: unabonyeza kimoja tu, inapiga yenyewe. Kwenye cha kwanza niliweka namba ya mke wangu, nikabandika kipande cha kitambaa kinene ili bibi akipapase kwa kidole.

"Na ya kwako?" mke wangu aliuliza. "Kuko nafasi."

"Ya kwangu ya nini? Atanipigia aniambie nini?"

Tukacheka wote wawili. Nalikumbuka cheko lile na linaniuma.

Mama mkwe aliporudishwa alipeleka masharti yake kupitia binti yake. Fiksi ni nzuri, aliipapasa, haikimbii. Lakini ikilia atajuaje kama si mkwe? Tukakubaliana hivi: saa kumi alasiri ni saa yangu. Saa hiyo mke wangu ndiye atakayepokea, na mama hataigusa. Saa nyingine zote sitapiga kamwe, naye apokee bila hofu. Mpango ulinifaa, maana kule Pepa rezo haifiki kwenye mazizi. Inapatikana kwenye mgongo mmoja wa kilima, mwendo wa saa nzima kwa mguu, na inakuja alasiri tu, mawingu yakishainuka. Kwa majuma mawili nilipanda kilima kila siku, mke wangu akapokea kila siku, akaniambia mama anaisalimia fiksi asubuhi.

Siku ile sikutaka kupanda. Nilikuwa nimechanja tangu alfajiri, ng'ombe dume mmoja amenikanyaga mguu. Mchungaji mkuu wa ng'ombe aliniambia nipumzike, mke hatakimbia. Lakini mimi ni mtu wa saa. Nikapanda nikichechemea.

Saa kumi kamili nikapiga. Mlio wa kwanza tu, ikapokelewa. Nikasema alo. Kimya. Si kimya cha rezo mbaya, nakijua hicho. Nilisikia pumzi, nzito, ya mtu mzima, na nyuma yake mawimbi ya ziwa chini ya dirisha.

Nikakata.

Nilisimama nimeishika simu kana kwamba nimekamatwa nikiiba. Nikajiambia bibi amekosea, amesahau saa, mke wangu yuko uani, atakuwa amesikia. Nikangoja kidogo. Nikapiga tena. Mlio wa kwanza, ikapokelewa. Pumzi ileile. Nikakata haraka kuliko mara ya kwanza.

Sasa nikakasirika. Si kwa bibi, kwa mke wangu. Mimi napanda kilima na mguu mmoja, yeye anashindwa kukaa chumbani dakika tano? Hasira yangu nilishasema ilivyo. Nikapiga mara ya tatu na sikungoja pumzi ya mtu.

"Weye bibi, saa kumi ni saa kumi! Unaniachia mama yako ku simu, unataka nikufe na haya?"

Kimya. Ndipo nikaelewa ni nani niliyemkaripia. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kukata.

"Simu," sauti ikasema.

Kidole kikagoma.

"Weye simu, usikatike. Ambia uyu muntu asikate. Bibi yake anakufa."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilitaka kusema na mdomo haukufunguka. Watu hudhani mwiko ni kama koti, ukiona joto unalivua. Mimi nilikuwa nimeambiwa mke wangu anakufa, na bado ulimi wangu ulikuwa unatafuta mtu wa katikati. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyasi na upepo. Halafu nikaelewa kwamba bibi yule alikuwa ameshanipa njia, kama alivyonipa siku ya mvua.

"Simu," nikasema, "uliza Mama, bibi yangu iko wapi?"

"Simu, ambia ye iko ku santre ya bagonjwa, bamama ba jirani walimubeba. Ni mapafu. Tangu jana anakohoa, leo alipumua kama muntu wa kupanda mulima. Muganga iko na shindano ya dawa mu mukono. Lakini mutoto wangu alisema neno moja kabla ya kunyamaza: kuko dawa inamukatala. Jina hakusema. Sasa muganga anauliza: dawa gani?"

Nikafunga macho. Niliijua dawa. Miaka minane nyuma alipigwa sindano moja kwa ajili ya kidonda, na kabla hatujatoka mlangoni uso wake ulivimba, koo likajifunga, na muuguzi alipambana mpaka akarudiwa na pumzi. Walituambia: dawa hii kamwe, sindano ya pili itamwua. Waliandika kwenye fishi yake ya hospitali. Mama mkwe hatukumwambia. Nani angemwambia? Mke wangu hakutaka kumtia hofu, na mimi nisingeweza. Mdharau mwiba mguu huota tende.

"Jirani amekimbia ku nyumba ya uyu muntu," sauti iliendelea, "kutafuta fishi. Weye simu, ambia ye aseme fishi iko wapi."

Fishi ilikuwa kwenye sanduku langu la chuma, pamoja na diploma yangu na karatasi zote za nyumba, maana mimi ni mtu wa mpango. Sanduku lilikuwa na kufuli. Nikatia mkono mfukoni na ufunguo ukaingia kwenye kiganja changu, kule Pepa, juu ya kilima.

"Simu, ambia Mama fishi haitapatikana. Iko mu sanduku. Ufunguo niko nayo huku."

Pumzi ikasimama. Kisha nikasikia neno ambalo mama mkwe hamwambii mkwe, si kwa mafiga wala kwa mchi wala kwa kuku.

"Simu, ambia uyu muntu iko mujinga."

"Simu, ambia Mama ni kweli," nikasema, na sauti yangu ilikuwa inalia bila mimi kuiruhusu. "Lakini jina niko nalo mu kichwa. Ni penisilini. Penisilini na ndugu zake zote. Wasimutie. Hata moja."

"Simu, ambia aseme tena. Polepole. Mimi siandike."

Nikalisema polepole. Akalisema. Nikalisema tena, akalisema tena, vipande vyake kimoja kimoja, kama mtu anayepokea mayai kwenye giza. Kisha hakuniambia tena niseme. Alianza kulisema peke yake. Penisilini. Penisilini na ndugu zake. Penisilini na ndugu zake zote. Bibi asiyeweza kutembea, asiyeona vizuri, asiyejua kuandika, amekaa kitandani kwake na neno la kigeni mdomoni, anamngoja jirani arudi. Nami nilikaa kwenye nyasi simu ikiwa sikioni, namsikiliza analizungusha kama rozari. Sikuwa na la kuongeza. Nilijua tu kwamba akinyamaza, neno litapotea, na mke wangu pamoja nalo.

Yuniti zangu za simu zikaisha. Simu ikalia tuu tuu, kisha hakuna kitu.

Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko ile. Hakuna duka la yuniti kwenye kilima kile. Nilipiga kelele peke yangu, nilimtukana mwenye kutengeneza simu, nilijitukana mimi na mipango yangu. Wachungaji walinikuta jioni bado nimekaa, wakanishusha wakinishika mikono. Nilimwambia mchungaji mkuu habari nzima, akasikiliza, akauliza jambo moja tu: "Alisema na weye? Mama mukwe mwenyewe?" Hata yeye alishtukia hilo kwanza.

Kesho yake nilinunua yuniti za mtu mwingine aliyekuwa nazo akiba, nikapanda kilimani kabla ya adhuhuri, nikakaa ndani ya wingu. Rezo hakuna. Saa nane hakuna. Saa tisa kijiti kimoja kilikuja kikaondoka. Nilikuwa nimeanza kuwaza mambo ya mazishi: nani atakwenda Moba kuwachukua watoto, nani atawaambia. Nasema kweli, nilimwona amekufa. Saa kumi nikapiga, nikakosea namba mara mbili.

Mlio wa kwanza.

"Simu, ambia uyu muntu bibi yake amekunywa uji. Na ameuliza kama ng'ombe zake zimepona."

Nililia mbele ya wachungaji wawili na sikujali.

Mengine niliyajua polepole, kidogo kila saa kumi. Jirani alirudi mikono mitupu, jasho linamtoka, akaanza kueleza habari ya kufuli. Bibi alimkatiza kwa lile jina la dawa, akamrushia mara tatu, akamfukuza arudi mbio. Muuguzi, yule bibi aliyemwita muganga, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa bado anangoja, na akaenda kwenye kabati kuchukua dawa nyingine. Niliambiwa pia kwamba kabla ya saa kumi bibi alikuwa ameshapapasa kile kitambaa na kubonyeza, anamtafuta yeyote aliye duniani. Simu ya mke wangu ikalia nyuma ya mlango, ndani ya kikapu. Alikaa akiisikiliza inavyolia. Hakuwa na njia nyingine. Kitufe cha pili kilikuwa kitupu, kwa sababu mimi nilicheka.

Mke wangu alilazwa siku tisa, na siku zote hizo saa kumi tulikuwa wawili tu, bibi na mimi, na fiksi katikati. Hatukuzungumza mambo makubwa. Simu, uliza uyu muntu kama iko na blanketi, Pepa kuko baridi. Simu, ambia Mama blanketi iko. Simu, uliza uyu muntu mguu yake. Nilimwuliza naye habari za miguu yake, akaiambia simu inauma zaidi asubuhi. Nikavikumbuka vile viatu vya plastiki, vimekaa tu bila kuvaliwa. Haya iliyokuwa inanijia wakati wa chakula haikuja tena.

Niliposhuka Kalemie sikupitia nyumbani. Nilitoka bandarini moja kwa moja, mfuko begani, nanuka ng'ombe, nikapanda mpaka kwa mama mkwe. Mke wangu alikuwa barzani. Amekonda, shingo imekuwa ndefu, lakini alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na kucheka na jirani. Nilisimama tu katikati ya lupango.

Kando yake, kitini, alikuwa bibi. Ninyi mtanicheka. Njiani kutoka Moba nilikuwa nimefikiri kwamba mambo yamebadilika. Baada ya yote yale nilidhani nitamsalimia, labda nitapiga magoti. Hata maneno niliyapanga.

Mke wangu aliniona, akaita: "Papa!" Na mama mkwe aliposikia neno lile akavuta kikwembe mpaka kichwani, akafunika uso wote, akanyoosha mkono kwa jirani. Jirani akamwinua. Akamwegemeza begani, akamwingiza ndani, mgongo wa bibi kwangu, na mlango wa chumba ukafungwa.

Nilishtuka kama nimemwagiwa maji. Nilisimama pale juani na maneno yangu mazuri. Nikamtazama mke wangu, naye akayashusha macho kwenye sombe yake. Nikaona alikuwa anajizuia kucheka, lakini nilikuwa nimeumia mno, sikujiuliza kwa nini.

Ndipo simu ikalia mfukoni mwangu. Nikaitoa. Ilikuwa namba ya fiksi.

Dirisha la chumba lilikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa, pazia limeshushwa. Nikaweka simu sikioni, na sauti ikanijia mara mbili, moja dirishani na moja mkononi.

"Simu, ambia uyu muntu asisimame mu jua kama mugeni. Bukari yake iko pa barza, na samaki. Mimi nimefunga mulango, asiogope, akule."

Nikamtazama mke wangu. Akaninyooshea vidole viwili, akaiga mtu anayebonyeza kitufe. Baadaye aliniambia ndilo jambo la kwanza alilotumwa alipotoka santre, kabla hata hajaoga: namba ya huyu muntu, kitufe cha pili, na kitambaa juu yake.

"Simu," sauti ikaendelea, na sasa ilikuwa ya chini. "Ambia ye ile siku alikata mara mbili. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilinyamaza, nikasema haya ni haya. Ya tatu nilikuwa nimeshaamua kusema. Kama angekata tena na kupiga tena, ningemwita na jina yake."

Mke wangu aliacha kuchambua. Miaka kumi na tisa sikuwahi kujua kama jina langu analijua.

"Simu," nikasema, "ambia Mama nimesikia."

Kisha nikanawa mikono, nikakaa barzani mgongo wangu ukiwa kwenye mlango wake, nikala bukari kabla haijapoa.